Sombe, sambaza na bugali vifike mezani pamoja: mwongozo kamili wa siku ya kuzaliwa ya mwenzako

Ninapika chakula cha kuuza hapa Bukavu, Kongo, kando ya Ziwa Kivu. Anayenirudia na malalamiko si yule aliyekula kwangu, ni yule aliyejaribu kupika nyumbani.

Majuzi alikuja baba mmoja, uso umemshuka. Mke wake alikuwa ametimiza miaka 40 na yeye alitaka kumpikia kwa mkono wake mwenyewe: sombe (majani ya muhogo), sambaza za kukaanga (samaki wadogo wa ziwani), makemba (ndizi za kupika) na bugali (ugali). Vitu vya kila siku. Sombe ikabaki inakwaruza ulimi, sambaza zikalegea kama karatasi iliyolowa, na bugali ukapoa ukawa jiwe wakati yeye bado anapambana na makemba. Wakala saa 4 usiku, watoto wameshalala na njaa.

Nikamuuliza alianza na nini.

"Na bugali, mama. Si ndio rahisi?"

Hapo ndipo penye ugonjwa, na si wake peke yake. Karibu wote wanaoshindwa wanajua kupika kila chakula kivyake. Hawajui kipi kinangoja na kipi hakingoji. Sombe inangoja tangu jana na inazidi kuwa tamu. Makemba yanangoja nusu saa. Sambaza zinangoja robo saa, zikiachwa wazi. Bugali haungoji mtu, mtu ndiye anayeungoja. Anza na kinachongoja, maliza na kisichongoja. Hatua zote hapa chini zimepangwa hivyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujawasha moto

Vipimo hivi ni vya watu 6 wanaokula vizuri.

Sombe
- Sombe iliyotwangwa, kilo 1
- Mawese, kikombe 1 cha chai
- Karanga zilizokaangwa na kusagwa, kikombe 1
- Vitunguu 2, puaro 1 (aina ya kitunguu chenye majani), biringanya 2, pilipili hoho 1
- Pilipili kali 1, nzima, isiyopasuka

Sambaza
- Sambaza mbichi, kilo 1 na nusu
- Ndimu 3
- Unga wa ngano, vijiko 4 vya kulia
- Chumvi

Makemba
- Makemba 4 yaliyoiva, ganda la njano lenye madoa meusi
- Mafuta ya kukaangia, lita 1 (haya yatakaanga na sambaza pia)

Bugali
- Unga wa mahindi, nusu kilo
- Unga wa muhogo, robo tatu ya kilo
- Maji, lita 2 na nusu, na nusu lita nyingine ya moto pembeni

Vyombo: mbabula 2 (majiko ya makaa), sufuria kubwa 2, karai yenye kina, mwiko wa mti mrefu, pasuwari (chujio), vitambaa safi 2, bidoni (dumu) ya maji iliyojaa. Bidoni usiisahau. Bomba likikauka katikati ya kuosha samaki, sherehe imekwisha kabla haijaanza.

Makala (makaa) nunua mengi kuliko unavyodhani, na yawe makavu. Makala yaliyonyeshewa yanatoa moshi, moto unakuja na kuondoka, na sambaza zinataka moto usioyumba. Wenye gesi au reshoo (jiko) ya umeme, fuateni hatua hizihizi, lakini mbabula moja iwe tayari nje. Umeme hauulizi ni siku ya kuzaliwa ya nani.

Na jambo la siku: kama imeangukia Jumanne, isogezeni hadi Jumamosi, mle saa 7 mchana. Sambaza zinapatikana asubuhi, na kuzikalisha mpaka usiku bila friji ni kucheza na tumbo la unayempenda. Mwongozo huu nimeupanga kwa Jumamosi mchana.

## Hatua ya 1: Hakikisha ndicho anachokipenda

Usimuulize, "Unapenda nikupikie nini?" Atajibu kwa adabu: "Chochote tu." Au atataja kuku, kwa sababu kuku ndiye chakula cha sherehe.

Tazama sahani yake. Anaongeza kipi bila kukaribishwa? Kipi anakifuta kwa tonge la mwisho? Bado huna uhakika, mpigie mama mkwe au shemeji. Mimi mama mkwe ndiye aliyeniambia kwamba bwana wangu tangu utotoni anakula kwanza mikia ya sambaza. Nilikuwa nimeishi naye miaka 2 sijaona.

Kama mwenzako ni mtu wa maharage, weka maharage mahali pa sombe, nayo yanangoja. Kama ni mtu wa lengalenga (mchicha), ipike mwisho, karibu na sambaza, maana mboga laini haingoji.

## Hatua ya 2: Ijumaa jioni, chemsha sombe

Nunua sombe siku hiyohiyo ya Ijumaa. Majani yakishatwangwa yanachacha upesi. Chukua kiasi kidogo uyasugue kati ya vidole: yawe laini bila nyuzi, yanuke majani mabichi, yasinuke uchachu. Ya kinu na ya mashine zote zinafaa. Ya mashine inaiva mapema kidogo, ya kinu ina ladha zaidi, na nikiwa na nafasi nachukua ya kinu.

1. Weka sombe kwenye sufuria kubwa, mimina maji yaipite kwa vidole 4. Usiweke kitu kingine chochote. Si chumvi, si mafuta, na hasa si nyanya.

2. Chemsha bila kifuniko dakika 20 za kwanza. Majani ya muhogo yana sumu ya asili. Kutwanga kunaifungua, na moto unaitoa pamoja na mvuke. Ukifunika, mvuke unarudi ndani, na povu la kijani litafurika likuzimie makala. Kama uliambiwa ni muhogo mchungu, mwaga maji haya ya kwanza uweke mengine.

3. Sasa funika nusu, punguza moto, acha ichemke saa 1 na nusu mpaka 2. Ongeza maji ya moto yakipungua. Ya baridi yanakatisha uivaji.

Wengi wanatazama mapishi ya Dar es Salaam au Mombasa, wanaambiwa nusu saa, wanaitoa nusu saa. Ndugu zangu, kule ni pwani. Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba zetu zimepanda vilima kutoka hapo. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Yanatokota kweli, lakini hayana joto lile la pwani. Kila kigumu, awe maharage awe sombe, ongeza muda.

Nyanya nimeikataza kwa machungu yangu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilitia kila kitu kwa mara moja: majani, mafuta, chumvi, nyanya 5. Uchachu wa nyanya unayazuia majani yasilainike. Baada ya saa 3 bado yalikuwa yanatafunika kama mkeka. Bwana wangu alikula, akasema, "Iko muzuri," akaomba maji glasi ya tatu.

Utajua imefaulu: bonyeza sombe kidogo kati ya ulimi na kaakaa, bila meno. Ikisambaa, imeiva. Ikibaki punje punje, rudisha dakika 20.

Iache ipoe, ifunike. Kama huna friji, ni majani na maji tu, hayana samaki wala mafuta, kwa hiyo usiku wa Bukavu yataupita. Lakini ukiamka, jambo la kwanza ni kuyachemsha tena dakika 10.

## Hatua ya 3: Jumamosi asubuhi, sambaza

Kabla ya kupanga tarehe, tazama mwezi. Sifanyi mzaha. Sambaza zinavuliwa usiku kwa taa: mitumbwi imefungwa pamoja, taa zinawaka, samaki wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu mwanga uko ziwa zima, taa haiwavuti tena. Asubuhi yake sokoni sambaza ni chache na bei imepanda. Siku hizo chukua ndakala (dagaa) kavu za Ziwa Tanganyika, ziloweke kwenye maji ya moto, uziunge na kitunguu na nyanya. Zitangoja kuliko sambaza, na katika hatua ya 6 utafanya uji wa bugali tu.

Nenda mapema, soko la Muhanzi au la Kadutu, kabla jua halijazipiga. Nzuri zinang'aa kama fedha, macho yako wazi, tumbo halijapasuka. Zenye tumbo lililopasuka zimelala. Mama muuzaji atakuambia ni za leo, wewe inua moja kwa mkia: ikining'inia kama kamba, pita.

Kusafisha ni kazi ndefu, kubali hivyo. Bana kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, vuta taratibu kuelekea tumboni, na utumbo utafuata kichwa. Zilizo ndogo kama kidole cha mtoto acha nzima. Osha mara 3, maji ya mwisho yawe na ndimu.

Kisha fanya kile ambacho hakuna anayekifanya: zikaushe. Ziache kwenye pasuwari nusu saa, halafu zitandaze juu ya kitambaa safi, zisilaliane, funika na kingine. Weka mahali pa baridi, au kwenye friji ukiwa nayo, mpaka wakati wake. Samaki mwenye maji akiingia kwenye mafuta anachemka, hakaangiki. Ndiyo siri nzima ya sambaza zinazolegea.

Chumvi bado. Chumvi inavuta maji kutoka ndani ya samaki, ukiitia asubuhi utakuta mchana zimeloa tena.

Anayelazimika kula jioni na hana friji: kaanga asubuhi mpaka ziive kabisa, tandaza zipoe, funika kwa kitambaa, halafu jioni zirudishe kwenye mafuta ya moto sana kwa dakika 1 au 2. Zinakuwa kavu zaidi, wengine hata wanazipenda hivyo.

## Hatua ya 4: Saa 4 asubuhi, malizia sombe

Sombe iko kwenye mbabula ya kwanza, inatokota polepole, maji yamebaki kidogo tu, kama uji mzito.

Teremsha sombe kwa muda, weka karai kwenye mbabula hiyohiyo, pasha mawese mpaka yaache kuwa mazito na yaanze kucheza. Usingoje moshi mweupe, mawese yaliyoungua yanaacha uchungu ambao hakuna karanga itakayouficha. Tia vitunguu, puaro na pilipili hoho. Vikilainika, tia biringanya vipande vidogo. Dakika 7 hivi, halafu mimina vyote juu ya sombe.

Karanga zikoroge kwanza kwenye bakuli na maji ya uvuguvugu mpaka ziwe kama maziwa mazito. Ukizimwaga kavu zinafanya madonge, na anayekutana na donge la karanga mdomoni anadhani ni unga mbichi. Mimina, koroga, weka pilipili nzima juu kama inavyoelea, punguza makala.

Kuanzia hapa koroga kila baada ya dakika 5, mwiko ufike chini kabisa. Karanga zinazama na kuungua, na harufu yake inapanda sufuria nzima. Ikikutokea, usikwangue chini. Hamisha sombe ya juu kwenye sufuria nyingine, iliyoshika iache.

Dakika 40. Chumvi sasa, mwisho, maana imeshapungua maji na unajua unachotia chumvi ni kiasi gani.

Utajua imefaulu: mafuta mekundu yametoka yenyewe pembeni mwa sufuria, na ukipitisha mwiko katikati njia inabaki wazi kidogo kabla ya kuziba. Toa pilipili kabla haijapasuka. Funika, weka pembeni ya moto. Sombe imekwisha, isahau.

## Hatua ya 5: Saa 6 kamili, makemba

Washa mbabula ya pili kwenye saa 5 na nusu, makala yawe yameshashika wekundu bila ndimi za moto. Mbabula zote ziwe nje au kwenye baraza lenye upepo. Ikinyesha, wengi wanaingiza mbabula ndani na kufunga mlango kwa ajili ya baridi. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu akidhani ana usingizi tu. Nyesheweni kidogo, au mngoje mvua ipite.

Sufuria ya bugali, lita 2 na nusu za maji, iende kwenye mbabula ya kwanza sasa hivi. Makala huchukua muda kuchemsha maji mengi.

Karai na mafuta kwenye mbabula ya pili. Mafuta yasipite nusu ya karai.

Makemba yanatangulia sambaza kwenye mafuta hayohayo, kwa sababu makemba hayaachi harufu, sambaza zinaiacha. Ukigeuza utaratibu, utakula makemba yenye ladha ya ziwa.

Kata mshazari, unene wa kidole. Membamba sana yanaungua kwa ile sukari yake, manene yanabaki mabichi katikati. Tumbukiza kipande kimoja: kikizungukwa na mapovu madogo mara moja, mafuta yako tayari. Dakika 2 au 3 kila upande, rangi ya asali iliyokolea. Yatoe, yafunike kwa kitambaa. Haya yanafaa kufunikwa.

## Hatua ya 6: Saa 6 na dakika 20, sambaza

Hapa usiondoke. Simu izimwe, mgeni apokelewe na mwingine.

Kwanza, kwenye sufuria ya bugali maji yanatokota. Koroga unga wa mahindi na maji baridi kwenye bakuli mpaka madonge yaishe, umimine polepole huku unakoroga. Utakuwa uji. Punguza makala ya upande huo, uache uendelee taratibu wakati unakaanga, ukiugusa mwiko mara kwa mara. Mahindi yanahitaji muda kuiva, muhogo hauhitaji. Wanaochanganya unga wote kavu na kuumwaga kwa mara moja wanakula mahindi mabichi ndani ya muhogo ulioiva, halafu wanailaumu mashine ya kusaga.

Sasa sambaza. Nyunyiza chumvi na unga wa ngano, tikisa kwenye pasuwari unga wa ziada udondoke. Unga uwe vumbi tu.

1. Mafuta yawe ya moto kuliko ya makemba. Dondosha sambaza moja: izame kidogo, ipande juu papo hapo ikipiga kelele.

2. Tia kiasi cha kufunika uso wa mafuta, kisizidi. Ukijaza karai, joto linaanguka ghafla, mafuta yananyamaza, na samaki wanaanza kunywa mafuta. Kilo na nusu ni mizunguko 4 au 5. Usiifanye 2.

3. Dakika 2 za kwanza usiguse. Ngozi bado haijashika, ukichokoza zinavunjika na utabaki na makombo.

4. Geuza mara moja kwa upole.

5. Sikiliza. Mwanzoni karai inapiga kelele nyingi, ni maji yanayotoka. Kelele ikipungua na mapovu yakawa machache na madogo, maji yamekwisha. Ni dakika 4 mpaka 5. Mimi naweza kuwa nimegeuka nyuma na bado nikajua wakati wa kutoa, sikio linatosha.

6. Toa kwenye pasuwari, tandaza. Usifunike. Narudia kwa sababu hili ndilo kosa linaloniletea watu wengi kuliko yote: wanafanya kila kitu sawasawa, halafu wanatia sambaza kwenye bakuli na kufunika "zisipoe". Mvuke wao wenyewe unawalowesha. Afadhali sambaza vuguvugu inayolia mdomoni kuliko ya moto iliyolegea.

Kabla ya kila mzunguko ngoja mafuta yapate joto tena, na ondoa makombo yaliyobaki, yanaungua na kutia weusi.

Hatari: mafuta yakishika moto, funika karai kwa kifuniko au sahani ya bati, usilisogeze, ungoje lipoe. Maji kamwe. Na kwa kuwa kwetu watoto wana tabia ya kumwagia maji mwenye siku yake, waambieni mapema: mtu hamwagiwi maji mpaka mbabula zimezimwa. Mwaka juzi mpwa wangu alitokea nyuma ya nyumba na ndoo, anacheka, mimi niko juu ya karai. Nilimfokea mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini.

Utajua imefaulu: ukitikisa pasuwari, sambaza zinagongana kwa sauti kama maganda makavu.

## Hatua ya 7: Saa 7 kasoro dakika 10, bugali

Sambaza ya mwisho ikitoka, karai iende pembeni mbali na watoto. Uji wako wa mahindi umeshapikika karibu nusu saa, unatoa mapovu mazito yanayopasuka polepole. Chochea makala.

Chota kikombe 1 na nusu cha uji uweke pembeni, hiyo ni akiba. Mimina unga wa muhogo wote katikati, uwe kama mlima. Uache nusu dakika, maji yapenye kutoka pembeni. Halafu shika sufuria kwa kitambaa, ikae imara isizunguke, na anza kusonga.

Songa kwa kuubana unga kwenye ukuta wa sufuria, si kwa kuzungusha. Kuzungusha kunayahamisha madonge, kubana kunayavunja. Ukiwa mkavu mno, rudisha akiba ya uji kidogo kidogo, ikiisha tumia ile nusu lita ya maji ya moto. Ukiwa laini mno, ongeza unga kiganja kimoja, usonge tena vizuri kabla ya kuongeza mwingine. Dakika 6 mpaka 8, mikono itauma. Wanaume wanaojiona wenye nguvu hapa ndipo wanapotulia.

Mwisho, ukusanye, nyunyizia maji ya moto kidogo pembeni, funika dakika 2 kwenye makala yaliyofifia.

Utajua imefaulu: bugali unaachana na sufuria wenyewe, rangi imebadilika kutoka weupe wa unga kwenda kwenye mng'ao kidogo. Kata tonge kwa vidole vilivyolowa: linajivuta kidogo, halishiki vidoleni, na ndani hakuna kidoa cheupe.

Donge likionekana sasa, lifukue kwa ncha ya mwiko, ulibane kwenye ukuta. Ukiwa na madonge mengi, hakuna dawa. Kata mafungu madogo, uyatoe mabaya jikoni, mwenye siku asiyaone.

## Hatua ya 8: Pakua

Bakuli ulowanishe kwa maji kabla ya kutia bugali, ugeuze juu ya sahani, utatoka mviringo. Sombe ya moto kwenye bakuli lenye kina. Makemba pembeni yake. Sambaza kwenye sahani pana, hazijafunikwa, ndimu zimekatwa juu. Pilipili ya kusaga kwenye kisahani chake, maana si kila mgeni anaiweza.

Maji ya kunawa yapite kwanza kwa mwenye siku, halafu kwa wakubwa. Kwetu ndani ni Papa Neema, bwana wangu, anayenawa kwanza siku yake, hata mama mkwe akiwepo, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyesema iwe hivyo.

## Na gato (keki)?

Nunua. Kama hujawahi kuoka, siku hii si ya kujifunza, na gato la mbabula linaungua chini huku juu likiwa uji. Au kaangeni mandazi asubuhi kabla ya makemba, mafuta yakiwa safi. Vinywaji mnajuana wenyewe: soda, bia ya Primus, kasiksi (pombe ya ndizi) kwa wazee.

## Vilivyobaki

Mafuta yaliyokaanga sambaza yachuje, weka kwenye chupa ya peke yake, yatumie tena kwa samaki tu, mara moja, halafu basi.

Sombe iliyobaki ichemshe vizuri jioni hiyo. Sambaza zilizobaki, kama zimebaki, zitupie humo ndani zilowe. Bugali wa jana ukate vipande, uukaushe kidogo juu ya makala mpaka ufanye ganda. Jumapili asubuhi, na chai ya tangawizi, bwana wangu anadai hicho ndicho chakula chenyewe cha siku yake ya kuzaliwa, na kile cha Jumamosi kilikuwa cha wageni.